Mwalimu wa Voda Fasta na Daraja la Mwalimu wa Kemia

Najua nimeadimika. Mhariri alinipa siku chache za likizo, nikaona nisizimalizie kwenye foleni za Dar, nikapanda basi kurudi nyumbani Misungwi. Sasa ukishakuwa mwandishi wa habari hata likizo haiishi hivihivi, lazima utarudi na stori. Yangu ilianzia darajani.

Daraja lenyewe mnalijua kwa picha. Linaanzia Kigongo, upande wetu wa Misungwi, linakatiza Ghuba ya Mwanza kwa kilometa tatu hadi Busisi, upande wa Sengerema. Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua tarehe 19 Juni 2025. Kabla ya hapo tulivuka kwa feri: MV Mwanza, MV Misungwi, MV Sengerema, inayokuwepo ndiyo hiyohiyo. Ukiikosa unakaa Kigongo unakula sato wa kukaanga na kusikiliza wahubiri, na kama una mgonjwa ndani ya gari unakaa unamwomba Mungu. Leo Hiace inapita juu ya maji kwa dakika chache, kabla kondakta hajamaliza kukusanya nauli.

Limeandikwa Daraja la J.P. Magufuli. Abiria wenzangu walikuwa wanabishana kama marehemu angefurahi kuliona au la. Mimi nilikuwa nawaza jambo jingine kabisa. Nilikuwa nawaza kwamba mwaka 1982 kijana mmoja wa Chato, umri kama wangu sasa hivi au pungufu, alipangiwa kufundisha Kemia na Hisabati Sengerema Sekondari, huko huko ambako Hiace yetu ilikuwa inaelekea. Alikuwa ametoka kumaliza stashahada ya ualimu wa sayansi pale Mkwawa, Iringa. Alifundisha mwaka mmoja hivi, akaenda JKT, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1985. Mengine mnayajua.

Na mimi nilikuwa naenda kumwona mwalimu wangu wa Kemia, ambaye naye sasa anafundisha upande huo wa ghuba. Jina lake nalihifadhi kwa sababu hakunituma nimwandike. Nitamwita Mwalimu, inatosha.

Mwalimu alikuwa voda fasta.

Kwa ambao mlikuwa bado hamjazaliwa au mlikuwa shule za kulipia, ngoja nieleze. Mwaka 2004 serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES kwa kifupi. Wakati wa Waziri Mkuu Edward Lowassa mpango ukashika kasi: kila kata iwe na sekondari. Wananchi walichanga, walifyatua tofali, walibeba mawe na mchanga. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari 1,745. Mwaka 2009 zilikuwa zimepita 4,000. Fikiria hesabu hiyo taratibu. Madarasa unaweza kuyajenga kwa miezi mitatu ukiwa na mtendaji wa kata mkali. Mwalimu wa Fizikia hafyatuliwi kama tofali.

Serikali ikafanya kilichowezekana. Ikawachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya wiki chache, ikawapa leseni ya kufundisha na kuwasambaza mashuleni. Wabongo kwa majina hatujambo. Kipindi hicho kulikuwa na huduma ya simu ya kurusha salio iliyoitwa Voda Fasta, unabonyeza tu na vocha imefika. Basi na hao walimu wakabatizwa hivyo. Walimu wenzao waliokaa chuoni miaka miwili au mitatu waliwaita hivyo ofisini, wazazi waliwaita hivyo kwenye mikutano, na sisi wanafunzi tuliwaita hivyo nyuma ya darasa. Kwa hiyo na mimi nimo.

Mwalimu alifika kwenye shule yetu ya kata mwaka 2006, ana miaka ishirini na moja, begi moja na cheti cha PCB. Mimi nilimkuta mwaka 2012 nilipoingia fomu wani. Shule (siitaji) haikuwa na mwalimu wa Fizikia kabisa. Haikuwa na maabara. Ilikuwa na chumba kilichoandikwa MAABARA kwa chaki juu ya mlango, ndani kuna mahindi ya walimu.

Siku moja ya mwaka huo Mwalimu alikuja darasani na sufuria. Ndani kulikuwa na choya, lile ua jekundu ambalo mama zetu wanachemsha kutengeneza juisi. Akamimina maji yake mekundu kwenye glasi tatu. Ya kwanza akaiacha. Ya pili akaikamulia ndimu, wekundu ukang'aa zaidi. Ya tatu akatia maji ya magadi, yale ya kupikia maharage, na mbele ya macho yetu maji mekundu yakageuka kuwa ya kijani yenye ubuluu. Darasa la watu tisini likanyamaza. Kuna jamaa nyuma akasema huyu mtu ni mganga. Mwalimu akacheka, akatwambia huyo mganga anaitwa kionyeshi, kwamba kwenye ua hilo kuna rangi inayobadilika ikikutana na asidi au na besi, na kwamba shule zenye pesa zinatumia litmasi kwa kazi hiyohiyo. Akatutuma kila mtu akajaribu nyumbani kwa maji ya jivu, sabuni ya kufulia, maziwa ya mgando. Bibi yangu alinifukuza jikoni lakini matokeo nilirudi nayo.

Nimesimulia yote hayo ili msomaji ujue ninaandika nikiwa upande wa nani. Sasa turudi nyuma, maana ukichimba historia utakuta voda fasta hakuanza na Lowassa.

Mwanzo kabisa njia ilikuwa moja na nyembamba: Makerere. Kijana wa Butiama, Julius Nyerere, alisoma huko ualimu kuanzia 1943 hadi 1945, akarudi kufundisha St. Mary's, Tabora. Watu husahau kwamba mojawapo ya masomo aliyofundisha lilikuwa Baiolojia. Yaani yule tunayemwita Mwalimu kama jina lake la ubatizo alianza kwa kueleza habari za majani na mifupa. Wa aina yake walikuwa wachache mno. Tulipopata uhuru mwaka 1961 Tanganyika nzima ilikuwa na sekondari 41, na wengi wa walioshika chaki humo walikuwa wageni.

Mwaka huohuo wa 1961 ukaja mpango ulioitwa Teachers for East Africa, ukisimamiwa na Chuo cha Ualimu cha Columbia cha New York. Vijana wa Kimarekani na Kiingereza waliomaliza digrii zao waliletwa, wengi wakapitishwa Makerere kupata stashahada ya ualimu, wakapelekwa sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika. Wengine wakaja kwa mgongo wa Peace Corps, tena hao mafunzo yao yalikuwa mafupi zaidi. Hakuna aliyewapa jina la utani la kuwadhalilisha. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wengi hawajawahi kufundisha popote, wamepewa matayarisho ya haraka kwa sababu nchi ilikuwa na shida. Tofauti yao na Mwalimu wangu ni nini hasa? Mimi nimetafuta nimeona ni nauli ya ndege tu (na digrii, haya, nakubali, na digrii).

Chuo chetu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na sheria. Kitivo cha Sayansi kikaja 1965. Hapo ndipo mtu aliweza kuwa mwalimu wa sayansi mwenye shahada bila kuvuka mpaka.

Lakini cheti nacho si kila kitu, na ushahidi tunao wa nyumbani. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Magamba Sekondari, Erasto Mpemba, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Akaharakisha, akaweka maziwa ya moto kwenye friza bila kuyapoza, na yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Akamuuliza mwalimu wake wa Fizikia. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, na baadaye ikawa dhihaka ya darasa zima kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia. Mpemba hakuacha. Akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu, Denis Osborne, mwalimu wa Fizikia, naye akamuuliza swali lilelile mbele ya wenzake waliokuwa wanamcheka. Osborne aliporudi Dar aliagiza jaribio lifanyike. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Uingereza la walimu wa Fizikia. Hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu "Mpemba effect", kama ipo kweli na inatokana na nini.

Ninachokipenda katika kisa hicho si aiskrimu. Ni kwamba mwalimu wa kwanza alikuwa na sifa za kumfundisha Mpemba, na bado alimzima. Mimi nilifundishwa na mtu wa mafunzo ya wiki chache aliyetutuma kwenda kumwaga choya kwenye maziwa ya mgando ili tuone wenyewe. Sitaki kusema mafunzo hayana maana. Mwalimu mwenyewe angenikasirikia. Tulipofika kwenye mole na mizania ya milinganyo alikuwa anahangaika, tuliona, na kuna siku alifuta ubao mara tatu akasema, "Wanangu, hili nitawaletea kesho." Kesho yake alilileta. Ila nasema kuna kitu fulani cha ualimu ambacho chuo hakikitoi, na akikikosa mtu, hata shahada haimsaidii.

Tuendelee. Mwaka 1974 TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma, elimu ya msingi kwa wote, na wa UPE wakaja kwa maelfu, nao wakapewa dharau yao. Hao walikuwa wa msingi, siwagusi leo. Kwa sekondari njia iliyobeba mzigo mkubwa ikawa stashahada: umalize fomu siksi, uende chuo cha ualimu, upewe somo mawili ya kufundisha, upangiwe. Hiyo ndiyo njia aliyopita John Magufuli. Mkwawa kidato cha tano na sita, Mkwawa stashahada mwaka 1981 hadi 1982, halafu Sengerema. Shahada aliipata akiwa tayari ameshasimama mbele ya darasa, ndipo akaendelea hadi uzamivu wa Kemia mwaka 2009 kwa utafiti wa mafuta ya maganda ya korosho kuzuia kutu. Alipanda ngazi moja moja.

Sasa njooni 2013. Februari mwaka huo yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne cha 2012. Zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata sifuri, kati ya karibu 400,000. Nilikuwa ndiyo nimeingia fomu tu. Nakumbuka wakubwa zetu walivyosoma majina kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, mtu anashuka na kidole, anafika kwenye lake, anaondoka bila kuongea. Matokeo yalikuja kupangwa upya baadaye, lakini kidonda kilikuwa wazi. Shule zilikuwepo, walimu wa sayansi hawakuwepo.

Serikali ikatafuta njia ya mkato nyingine. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanza stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA, ikichukua vijana moja kwa moja kutoka fomu foo. Darasani kwetu kuna waliokuwa wanaiota. Kwa mtoto wa mkulima wa pamba wa Misungwi ilikuwa kama mlango uliofunguliwa pembeni ya ukuta: huna haja ya fomu faivu na siksi, unaingia chuo kikuu, unatoka mwalimu.

Tarehe 28 Mei 2016 wanafunzi hao, zaidi ya 7,000, waliambiwa waondoke chuoni ndani ya saa 24. Bungeni Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alieleza kwamba wahadhiri wa programu hiyo walikuwa wamegoma na masomo yalikuwa yamesimama. Wapinzani walitaka jambo hilo lijadiliwe kwa dharura, wakakataliwa. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Juni, Rais Magufuli alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuweka jiwe la msingi la maktaba mpya, akalizungumzia. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wasio na sifa wameingizwa chuo kikuu na kulipiwa kwa fedha za umma. Neno alilotumia ni vilaza.

Nitajaribu kutenda haki hapa. Hoja ya sifa haikuwa ya uzushi. Baada ya uhakiki serikali iliwagawa: wachache walibaki Dodoma, wengi wakapelekwa vyuo vya ualimu, wengine wakaambiwa hawana sifa kabisa. Na kweli haipendezi kumpa mtu Kemia ya kidato cha nne afundishe kama yeye mwenyewe aliipita kwa kuchechemea. Lakini aliyewaandikia barua za kuwaita ni nani? Hawakuruka ukuta usiku. Waliomba nafasi iliyotangazwa na serikali, wakachaguliwa na serikali, wakapewa mikopo na serikali. Na Januari ya mwaka huohuo 2016 elimu bila malipo ilikuwa imeanza, watoto wanamiminika mashuleni, walimu wa sayansi wanatakiwa kuliko wakati wowote. Kosa la mpango likabandikwa kwenye vipaji vya nyuso za watoto wa miaka kumi na tisa. Inaniuma zaidi kwamba aliyelitamka neno lile alikuwa mwalimu wa Kemia wa stashahada, ambaye kama wenye shahada wa enzi zake wangemwita jina la namna hiyo asubuhi ya kwanza pale Sengerema, sijui lingemkaaje.

Nilimweleza Mwalimu yote haya tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi yao. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyekariri. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi wakati ule wa 2016 nilikuwa na miaka kumi kazini. Nilisikia neno lile redioni nikazima redio. Halafu nikawasha tena, maana nilikuwa na kipindi saa tatu nataka kujua saa."

Nikamuuliza kuhusu leseni. Akacheka. Ile leseni ya 2006 anayo bado, kwenye bahasha. Ilikuwa na sharti la kujiendeleza. Alijisajili Chuo Kikuu Huria, shahada ya sayansi na elimu, akasoma usiku kwa taa ya chemli kwa sababu umeme wa kijijini ulikuwa haujafika, akisafiri likizo kwenda kufanya mazoezi ya maabara. Ilimchukua miaka saba. Mara ya kwanza maishani kushika bureti ilikuwa kwenye mazoezi hayo, akiwa na miaka mitano ya kufundisha titresheni kwa kuichora ubaoni. "Nilipoona tone la mwisho linageuza rangi," alisema, "nikajisikia aibu na furaha kwa pamoja. Nikasema kumbe nilikuwa nawadanganya kidogo. Nilikuwa nawaambia inageuka taratibu."

Na mambo yamezunguka kwa namna ya kuchekesha. Sheria ya 2018 imeanzisha Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, na kazi yake mojawapo ni kusajili walimu na kuwapa leseni. Neno lililokuwa tusi sasa ni heshima, kila mtu atalitafuta. Wakati huohuo shahada yenyewe haimpi mtu darasa. Januari 2025 walimu walianza kuitwa kwenye usaili wa ajira, waombaji zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Sayansi wana unafuu kidogo kwa sababu shule bado zinawalilia, lakini nina rafiki mwenye shahada ya Fizikia na Hisabati anayeuza vifuniko vya simu pale Makoroboi, Mwanza mjini. Anajua kwa nini kioo kinapasuka kuliko wateja wake wote.

Na mimi je? Mwalimu aliniuliza, kama nilivyojua ataniuliza. Kemia nilipata B fomu foo. Angeweza kuniona leo nafundisha. Nilichagua HKL nikaenda kusomea uandishi wa habari kwa sababu nilimwona yeye, viatu vyake, nyumba yake ya bati moja, jina walilomwita, nikasema hapana. Hilo sijawahi kumwambia, na pale kwenye benchi pia sikumwambia. Nilisema tu kwamba napenda kuandika. Akaitikia kwa kichwa.

Shule anayofundisha sasa ina maabara ya kweli, mabomba ingawa maji hutoka kwa zamu. Kengele ilipogonga alinikaribisha nikae nyuma. Fomu tuu, watoto kama sitini, mada asidi na besi. Kabatini kuna boksi la litmasi, nimeliona kwa macho yangu, limejaa. Mwalimu hakuligusa. Aliinama chini ya meza akatoa sufuria.

"Wewe mwandishi," akaniita mbele ya watoto, "njoo uoshe hizi glasi. Umekaa bure."